Kwaresima ya Wahispania huanzia kwenye beseni la maji

Potaje ya Ijumaa, mchuzi mzito wa dengu na samaki, huanza kupikwa Jumatano. Anayekumbuka bakalao, yule samaki wa chumvi, Ijumaa asubuhi ameshachelewa, na hakuna ufundi wa jikoni wa kumwokoa. Ndiyo maana nikiulizwa ugumu wa vyakula vya Kwaresima vya Hispania uko wapi, mimi naonyesha beseni kabla ya jiko. Samaki wa chumvi hulowekwa, dengu hulowekwa, hata mkate wa torrijas, vipande vitamu vya kukaanga, hulowekwa. Kasoro nyingi zinazoonekana mezani zilizaliwa humo, kimyakimya, siku moja au mbili kabla.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mkatoliki aliyetimiza miaka 14 hujinyima nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima, Ijumaa Kuu ikiwemo. Zamani katazo lilikuwa zito zaidi, likagusa hata mayai na maziwa, ingawa Wahispania walikuwa na mlango wao wa pembeni: Bula de la Santa Cruzada, hati ya Papa iliyomlegezea masharti aliyetoa sadaka yake. Samaki hakukatazwa. Ila Madrid iko katikati ya nchi, na kabla ya majokofu samaki mbichi hakuwa na njia ya kufika huko salama. Bakalao wa chumvi alifika, mgongoni mwa nyumbu. Wachukuzi wa misafara hiyo, arrieros, wameacha jina lao kwenye bacalao al ajoarriero, bakalao wa kitunguu saumu.

Bakalao ni samaki wa maji baridi ya kaskazini mwa Atlantiki. Hupasuliwa, hufukiwa kwenye chumvi mpaka maji yamtoke, kisha hukaushwa. Mtu wa pwani anayejua ng'onda na papa mkavu hahitaji maelezo marefu. Tofauti ni kwamba nyama ya bakalao ni nyeupe, na ikilowekwa vizuri huachana yenyewe kwa tabaka nene zinazoteleza.

Kumtoa chumvi

Kipande kinene cha mgongoni, cha sentimita 2.5 hadi 3, kinahitaji saa 48. Vipande vyembamba vya tumboni na mkiani vinatosheka na saa 24, na vile vilivyochambuliwa kama nyuzi huenda vikawa tayari kwa saa 12. Kwa hiyo usiloweke vinene na vyembamba katika bakuli moja ukavitoa pamoja: vyembamba vitakuwa havina ladha au vinene vitakuwa bado chumvi tupu.

Anza kwa kusuuza chumvi ya juu chini ya bomba. Panga vipande ngozi ikiwa juu, maana chumvi hushuka, na ngozi ikikaa chini huizuia isitoke. Weka maji baridi mara tatu ya ujazo wa samaki, funika, tia kwenye friji. Badilisha maji kila baada ya saa 8. Kwenye friji, nasisitiza, hasa kwa anayeishi penye joto: chumvi ndiyo iliyokuwa ikimlinda samaki huyu, na kadiri inavyomtoka ndivyo anavyorudi kuwa samaki wa kawaida anayeoza. Maji ya vuguvugu ya kuharakisha kazi hulainisha nyama ya nje huku chumvi ikiwa imebaki katikati.

Saa zikitimia, usiamini saa. Chokoa nyama kidogo katikati ya kipande kinene, uionje. Inatakiwa iwe na chumvi kidogo ya kupendeza, kama maji ya kuchemshia viazi. Ikiwa chumvi bado inauma ulimi, badilisha maji na umpe saa 6 nyingine. Ikiwa haina ladha kabisa, umepitiliza, na hapo kunyunyiza chumvi mpya hakurudishi kilichopotea.

Potaje de vigilia

Hiki ndicho chakula chenyewe cha Ijumaa: dengu, spinachi na bakalao katika mchuzi mzito. Dengu ninazozisema ni garbanzo, zile kubwa za rangi ya krimu zenye kidomo, si ndengu za kijani za Wakenya, ambazo Mtanzania anaziita choroko.

Kwa watu sita: dengu kavu gramu 400, bakalao gramu 350 akiwa bado na chumvi yake, spinachi gramu 400, kitunguu maji 1, nyanya 1 iliyoiva, punje 4 za kitunguu saumu, kipande cha mkate uliolala, mayai 3, jani 1 la laureli, mafuta ya zeituni vijiko vikubwa 6, na kijiko kidogo cha pimentón, ile pilipili nyekundu ya unga isiyowasha. Ya La Vera, wilaya iliyo katika mkoa wa Cáceres, hukaushwa kwa moshi wa kuni za mwaloni, na ndiyo ninayoipendelea hapa, kwa kuwa mchuzi usio na nyama unauhitaji ule moshi.

Loweka dengu saa 12 kwa maji ya vuguvugu yenye kijiko kikubwa cha chumvi kwa kila lita 2. Wengi huogopa chumvi hiyo wakidhani inazifanya ngumu. Ni kinyume chake: sodiamu ya chumvi huingia kwenye ganda mahali pa kalsiamu, na ganda likipungukiwa kalsiamu hulainika. Kwa sababu hiyohiyo, maji ya kisima yenye chokaa nyingi hutoa dengu zisizoiva hata kwa saa 4. Kama maji yako ni ya namna hiyo, tia nusu kijiko kidogo cha soda ya kupikia kwenye maji ya kulowekea, kisha uzisuuze sana. Ukizidisha, zitakuwa na ladha ya sabuni na maganda yatachubuka.

Zikishamwagwa maji, dengu huingia kwenye maji yaliyokwisha kuchemka, lita 2.5, pamoja na laureli. Maharage huanza na maji baridi, dengu na maji ya moto. Wapishi wa Hispania hawana mjadala hapo. Toa povu, punguza moto mpaka uso wa maji utikisike tu, na uache kwa saa 1.5 hadi 2. Kwenye sufuria ya presha, dakika 30 zinatosha. Weka birika la maji ya moto pembeni. Mchuzi ukipungua ongeza hayo, usiongeze ya baridi, maana dengu zinazokatizwa moto katikati hukakamaa. Nyanya nayo isubiri: asidi yake ikitangulia, maganda hayalainiki.

Wakati zinaiva, kaanga kipande cha mkate na punje 2 za saumu kwenye yale mafuta mpaka viwe rangi ya dhahabu, uvitoe. Kwenye mafuta hayohayo lainisha kitunguu kilichokatwa vidogo, dakika 15 kwa moto mdogo, pamoja na saumu iliyobaki, halafu nyanya iliyokunwa mpaka ikauke. Sasa ondoa kikaango motoni kabisa. Tia pimentón, koroga hadi kuhesabu kumi, na papo hapo mimina upawa wa mchuzi wa dengu. Unga huu una sukari nyingi na huungua kufumba na kufumbua. Ukiungua rangi hugeuka kahawia na uchungu huenea sufuria nzima, na hakuna dawa. Mwaga, anza upya. Mafuta na kitunguu ni rahisi kuliko dengu za saa mbili.

Chemsha mayai dakika 10. Kiini kimoja, mkate na saumu zilizokaangwa, na upawa wa dengu zilizoiva, vitwange pamoja kwenye kinu mpaka viwe uji. Huo ndio unaoupa mchuzi uzito. Anayekoleza kwa unga wa ngano anapata gundi. Rudisha kitoweo cha kikaangoni na huo uji ndani ya sufuria, acha vichemke dakika 10, tia spinachi zilizooshwa mara tatu (mchanga wake ni mkaidi), na baada ya dakika 5 weka bakalao katika vipande vikubwa. Zima baada ya dakika nyingine 5. Samaki akitokota nusu saa huwa pamba kavu. Onja chumvi mwisho kabisa, bakalao akishatoa ya kwake. Mayai yaliyobaki yakatwe na kuwekwa juu.

Sevilla wana ndugu wa potaje asiye na samaki, espinacas con garbanzos, mkavu zaidi, wa kulia mkate. Humo kinuni huingia jira na tone la siki juu ya ule mkate na saumu. Jikoni kwao Mswahili hapotei: sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna, maneno yaliyotufikia sisi na wao kutoka Kiarabu.

Nchi ya Wabasque nako bakalao hupikwa pil-pil, na hapo beseni linatoa hukumu yake waziwazi. Vipande 4 vyenye ngozi huivishwa polepole ndani ya mililita 300 za mafuta ya zeituni yaliyokwishakaangiwa saumu, kwa joto la nyuzi 65 hivi, mafuta yakitoa vipovu bila kukaanga. Samaki hutoa matone meupe, nayo ni jelatini. Chuja mafuta, yaache yapoe yawe vuguvugu, kisha uyarudishe kidogo kidogo huku ukizungusha chungu, na matone hayo yatashikana na mafuta yawe mchuzi mzito wa rangi ya krimu. Mafuta ya moto sana hayashikani. Na bakalao aliyelowekwa kupita kiasi hana jelatini ya kutosha, utazungusha chungu mpaka mkono ufe ganzi.

Torrijas

Juma Kuu lina utamu wake. Torrejas, jina jingine la torrijas, zimetajwa katika maandishi ya mshairi Juan del Encina tangu 1496, zikiwa na asali na mayai mengi. Vitu ni vya kawaida: mkate wa jana ulioshikana vizuri ndani, gramu 400, maziwa yasiyopunguzwa mafuta lita 1, sukari gramu 100, kijiti cha mdalasini, ganda la limau bila ile nyeupe yake chungu, mayai 3.

Kata mkate unene wa sentimita 2.5. Chemsha maziwa na viungo vyake, funika nusu saa, chuja. Yawe vuguvugu unapoyamimina: yakiwa ya moto mkate hukatika mkononi, yakiwa baridi hayafiki ndani. Geuza vipande mara moja, na baada ya dakika kama 5 kila upande bonyeza katikati kwa kidole. Pakiwa na ukinzani, bado. Ukiacha hivyo, utakata torrija na kukuta mkate mkavu moyoni. Vihamishie kwenye wavu vichuruzike dakika 10. Hatua hii watu huiruka, kisha wanashangaa yai kutoshika na mafuta kuruka.

Chovya kwenye yai wakati wa kukaanga tu, vipande 2 au 3 kwa mara moja, mafuta yakiwa nyuzi 170 hadi 175, dakika 2 kila upande. Mafuta ya baridi hunywewa na mkate. Yakizidi moto, sukari ya maziwa huungua nje na ndani kunabaki baridi. Chuja mafuta katikati ya kazi, maana mabaki ya yai huungua na kuvichafua vipande vinavyofuata. Vikitoka, viviringishe kwenye sukari yenye mdalasini vingali na joto, au, kama wafanyavyo Andalusia, vichovye kwenye asali iliyochemshwa na maji kidogo. Wapo wanaoloweka kwa divai badala ya maziwa. Hapo punguza muda nusu, maana divai huvunja mkate haraka.

Zikilala kwenye friji huwa bora zaidi, sukari ikiwa imeyeyuka na kuwa shira. Potaje nayo ni hivyohivyo, ila toa bakalao kabla ya kuipasha moto na umrudishe dakika ya mwisho.