Weusi wa reale ya Sham: umri au dawa?

Wengi wanaotuletea sarafu makumbusho ili tuzikague huanza na neno moja: "Hii ni ya kale, itazame ilivyo nyeusi." Mara nyingi huwa ni reale ya Sham, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, iliyotumika Zanzibar, Oman, Yemeni na Ethiopia. Kwa sarafu hii hasa, weusi si ushahidi wa ukale.

Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na reale zilizopigwa baada yake zimeendelea kuandikwa mwaka huohuo. Zimepigwa Vienna, Rome, London, Birmingham, Paris na Bombay, na Vienna huzipiga hadi leo. Kwa kuwa tarehe haimsaidii mnunuzi, jicho lake hukimbilia rangi. Muuzaji asiye mwaminifu analijua hilo.

Reale ina uzito wa gramu 28.07. Katika kila sehemu 1,000, fedha ni 833 na zilizobaki ni shaba. Fedha hailiwi na kutu kama chuma. Inachofanya ni kushikana na salfa, ile ambayo wazee waliiita kibiriti upele, nayo imo hewani kidogo kidogo: kwenye harufu ya tope la mikoko maji yakipwa, kwenye mpira, sufu na karatasi duni. Hapo hujengeka utando mwembamba mno, na mwanga unaoupiga hutoa rangi kama za dizeli iliyomwagika juu ya dimbwi. Rangi hizo hazizuki ovyo. Huanza manjano hafifu, ikafuata kahawia yenye wekundu, zambarau, kisha buluu. Utando ukizidi kunenepa, mwisho wake ni kijivu na weusi. Ukiona buluu kali imepakana na fedha nyeupe tupu, bila manjano wala zambarau katikati, tia shaka.

Lakini mimi huanza na mikwaruzo. Chukua lenzi ya kukuzia, inamisha sarafu chini ya taa moja, uigeuze polepole. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu hubaki na weusi kwenye mabonde, yaani katikati ya herufi na mikunjo ya nywele za Maria Theresa, huku bega na shavu vikiwa vyeupe kwa kusuguliwa na vidole. Ikiwa weusi umelala sawasawa kila mahali, hata kwenye vilele na ukingoni, kuna mtu aliyeutia. Ukiona mistari mingi midogo inayokwenda upande mmoja, nayo imejaa rangi ileile ya uso mzima, sarafu ilisuguliwa kwanza, pengine kwa majivu au dawa ya meno, ndipo ikapata rangi. Rangi hiyo huenda ilirudi yenyewe kwa miaka, huenda ilitiwa juzi. Kilicho hakika ni kwamba uso wa asili umeshaondoka. Inaniuma kila ninapokutana nayo, kwa sababu uso huo haurudishwi na fundi yeyote.

Asetoni safi, kimiminika cha kuyeyushia rangi, husaidia kidogo. Huondoa vanishi na aina nyingi za rangi za kupaka, lakini utando wa salfa haiugusi. Usitumie ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye mafuta na manukato, na fungua madirisha, mbali kabisa na moto.

Kuna jambo lazima lisemwe wazi. Anayeiweka sarafu kwenye mvuke wa salfa kwa saa chache hupata utando uleule unaojengwa na hewa kwa miaka mingi. Mashine yetu ya eksirei hutaja metali zilizomo; haitaji miaka. Ndiyo maana hata wakaguzi waliobobea hutofautiana, na kampuni kubwa za Marekani za kukagua sarafu na kuzipa madaraja ya ubora, PCGS na NGC, hukataa kuipa daraja la kawaida sarafu ambayo rangi yake inatiliwa shaka. Kwa hiyo usilipie rangi peke yake, hata iwe nzuri kiasi gani.

Ukiwa nayo nyumbani, usiioshe kwa limau ili ipendeze kabla ya kutuletea. Ilete ilivyo. Kama bibi aliifunga kwenye kipande cha kanga, kilete nacho. Alama za nyuzi zikionekana kwenye utando, tunaweza kuzilinganisha na kitambaa chenyewe.