Kupanga safari ya kupiga picha Mlima Kilimanjaro: misimu, njia na vibali

Kila mwezi Juni unapokaribia, malalamiko ya wapiga picha kwenye malango ya hifadhi huongezeka, na mengi yanafanana: ndege nyuki (droni) imezuiliwa, mzigo umezidi uzito, au mgeni amefika kileleni akakuta ukungu ilhali aliambiwa huu ndio msimu mzuri. Sehemu kubwa ya usumbufu huo ingeepukika endapo mhusika angeamua mapema anataka picha ya nini. Kwa mpiga picha, "msimu mzuri wa Kilimanjaro" ni maneno matupu mpaka ataje ukanda wa mlima na upande wake, kwa kuwa msitu, uwanda wa juu na kilele cha Kibo haviwi katika hali bora kwa wakati mmoja.

Hifadhi iko wazi mwaka mzima. Tunalirudia hili kwa sababu bado wapo wanaoamini kwamba malango hufungwa wakati wa masika, na wapo mawakala wanaowaambia wateja hivyo hivyo. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli Novemba na Desemba. Vipindi vya ukavu ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba. Wengi hukimbilia Julai na Agosti. Ni kweli njia huwa kavu miezi hiyo, lakini msitu wa kusini unaweza kushinda umefunikwa na mawingu, na kadiri ukavu unavyoendelea, vumbi na moshi wa tambarare huifanya picha ya mlima iliyopigwa mchana kutoka mji wa Moshi iwe ya kijivu. Hewa huwa safi zaidi mara tu baada ya mvua, yaani mwanzoni mwa Juni na tena Januari, na mara nyingi wakati huo Kibo huwa na theluji mpya.

Theluji hiyo isichanganywe na barafu ya kudumu. Theluji huja na mvua na huweza kuyeyuka ndani ya siku chache, kwa hiyo hakuna ofisa anayeweza kumhakikishia mtu kwamba ataikuta tarehe fulani. Barafu ya kudumu ndiyo inayopungua: zaidi ya asilimia 80 ya eneo lililopimwa mwaka 1912 limekwisha kutoweka. Anayetaka kumbukumbu ya barafu ya kileleni asiahirishe safari kwa miaka mingi akisubiri theluji nzuri zaidi.

Jambo linalosahaulika mno ni mwelekeo wa jua. Mlima uko takribani nyuzi 3 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na anayeutazama mlima kutoka Moshi au Machame, upande wa kusini, hupiga picha akielekea kwenye mwanga, huku barafu za kusini zikiwa kivulini. Desemba na Januari hali hugeuka, na uso wa kusini huangazwa vizuri. Kwa hiyo anayekuja Juni au Julai kwa ajili ya Kibo aifikirie njia ya Rongai, iliyo kaskazini na inayopata mvua chache kuliko njia za kusini. Katika msimu wowote, mawingu huanza kupanda kutoka msituni kabla ya adhuhuri. Saa za kutegemea ni za alfajiri, na mara nyingine jioni mawingu yanaposhuka.

Masika nayo yasidharauliwe. Msitu wa Marangu hunawiri, maporomoko ya maji hujaa, na ua jekundu la Impatiens kilimanjari, lisiloota kwingineko duniani, huchanua kwenye sehemu zenye unyevu kando ya njia. Juu zaidi, kwenye mabonde kama Barranco, mmea wa lobelia hufumba majani yake usiku na maji yaliyo katikati yake huganda juu kama kifuniko chembamba. Kipande hicho cha barafu kinaonekana kwa muda mfupi tu baada ya mapambazuko, nasi tunasikitika kuona wapiga picha wengi wakipita bila kuinama.

Sasa vibali. Picha za kumbukumbu binafsi hazihitaji kibali cha ziada baada ya kulipa ada za kuingia. Filamu, tangazo au video ya kibiashara inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu pamoja na ridhaa ya maandishi ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na malipo yake, na hoja ya kwamba "ni ya mtandaoni tu" haibadilishi chochote ikiwa kazi imelipiwa. Ndege nyuki, hata ile ndogo inayoingia mfukoni, inahitaji idhini ya Wizara ya Ulinzi, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya hifadhi, vyote kabla ya safari. Anayeirusha bila vibali hivyo huweza kunyang'anywa kifaa, kuondolewa hifadhini na kushtakiwa.

Kuhusu mvua, kuna mazoea ya kufunika kamera kwa mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na anayepatikana nayo anakabiliwa na faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Tumia kifuniko cha kamera cha kitambaa kisichopitisha maji. Betri zihifadhiwe ndani ya mfuko wa kulalia, kwa sababu usiku wa kupanda kileleni baridi hufika nyuzi 10 chini ya sifuri na zaidi.

Mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, nao hupimwa langoni. Miguu ya kamera na lenzi ndefu ni mzigo kama mwingine. Zikizidi, ajiriwe mpagazi wa ziada, wala asibembelezwe aliyepo. Mpagazi yeyote pia aombwe ridhaa kabla ya kupigwa picha akiwa amechoka njiani.

Maombi ya kibali yataje njia, tarehe za kuingia na kutoka, orodha ya vifaa na matumizi ya picha. Yapelekwe wiki kadhaa kabla ya safari, kwani askari wa zamu katika lango la Londorosi au Machame hana mamlaka ya kukitoa asubuhi ya kuondoka.