Historia ya domeni ni nini, na inakaguliwaje kabla ya kununua?

Historia ya domeni ni mambo yote yaliyofanyika kwa anwani hiyo ya tovuti kabla yako: nani aliisajili, iliweka kurasa gani, ilituma barua pepe za namna gani. Mwenyewe akiiacha, sifa mbaya hubaki na jina.

Wengi huishia kwenye WHOIS, kumbukumbu ya usajili wa domeni, na hapo ndipo wanapopotea. Tangu 2018 jina la mmiliki mara nyingi hufichwa. Tarehe ya usajili nayo hudanganya. Domeni ya .com isiyolipiwa hupewa muda wa nyongeza unaoweza kufika siku 45, kisha siku 30 za kukombolewa, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Ikishafutwa, atakayeisajili hupata tarehe mpya kabisa, hata kama jina lilitumika miaka kumi na tano.

Kwa hiyo nenda Wayback Machine, hifadhi yenye nakala za kurasa tangu 1996. Fungua angalau nakala moja ya kila mwaka, usitazame ya mwisho tu. Unachotafuta ni mkato: tuseme duka la vitenge hadi 2017, kimya miaka miwili, halafu kurasa za kamari kwa Kichina. Hapo ujue jina liliokotwa kwa ajili ya viungo vinavyolielekea kutoka tovuti nyingine. Kalenda tupu pia si ushahidi wa usafi, maana mwenye tovuti anaweza kuomba nakala ziondolewe.

Kwenye Google andika site: na jina, bila nafasi katikati. Tovuti iliyo hewani isiyoleta hata ukurasa mmoja inatia shaka. Adhabu ya Google yenyewe huonekana ndani ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ambako mgeni haingii. Mwambie muuzaji akuongeze kama mtumiaji kabla hujalipa. Akikwepa, umeshapata jibu.

Kagua pia Spamhaus, wanaoorodhesha majina yanayohusishwa na barua taka, hasa kama utatuma ankara kwa barua pepe, kwani jina lililoorodheshwa huko hufanya barua zikataliwe au ziishie kwenye spamu. Mwisho, tovuti ya crt.sh huonyesha vyeti vya usalama vilivyowahi kutolewa kwa jina hilo. Ukikuta humo vijina vidogo (vinavyotangulia jina la domeni) vyenye jina la benki na neno “login”, jina hilo huenda lilitumika kuibia watu nywila. Hilo usilinunue hata kwa bei ya kutupa.