Joto la hewa si joto la chipu: dhana potofu kuhusu elektroniki za mazingira ya joto kali

Dhana: "Chipu inavumilia nyuzi 125 za Selsiasi. Nje ni 60, basi hakuna shida."

Hizo 125 ni za silikoni yenyewe ndani ya chipu. Chukua regyuleta ya 7805 (kipuri kinachotoa volti 5 thabiti) inayoshusha volti 12 hadi 5 kwa mkondo wa nusu ampea. Volti 7 × 0.5 ni wati 3.5, na zote hugeuka joto. Bila hitisinki (kipande cha chuma cha kutawanya joto hewani), umbo la TO-220, yaani kifuniko cha kawaida cha regyuleta hiyo, hupanda takriban nyuzi 65 kwa kila wati, kwa hiyo regyuleta itajizima mapema. Ifunge kwenye hitisinki ya nyuzi 10 kwa wati, ongeza 5 za kutoka silikoni hadi bati lake la mgongoni na 1 ya pesti ya kupitisha joto kati yao: 16 × 3.5 = 56. Hewa ikiwa 60, silikoni iko 116. Zimebaki nyuzi 9 tu, tena kama hiyo 60 ilipimwa ndani ya kasha lililofungwa, si kivulini nje. Kabla ya kutafuta hitisinki kubwa zaidi, weka regyuleta ya kuswichi, ile inayowasha na kuzima mkondo kwa kasi badala ya kugeuza volti za ziada kuwa joto: ikiwa na ufanisi wa asilimia 90, kazi hiyohiyo hupoteza chini ya wati 0.3.

Dhana: "Feni itamaliza tatizo."

Feni haipozi kitu chini ya joto la hewa inayoivuta, na huingiza vumbi. Katika kasha lisilopitisha hewa hukoroga joto lilelile. Afadhali kipande chenye moto kifungwe kwa skrubu kwenye ukuta wa alumini wa kasha.

Dhana: "Kapasita ya nyuzi 105 hudumu miaka kwenye 105."

Kapasita nyingi za elektroliti (zenye kimiminika ndani) huahidiwa saa 2,000 kwa joto hilo, yaani chini ya miezi mitatu. Kila nyuzi 10 zinazopungua, umri huongezeka takriban maradufu: kwenye 85 ni saa 8,000, kwenye 65 ni 32,000. Usiipange kando ya hitisinki. Kwa kapasita za kauri, chagua daraja la X7R. Daraja la Y5V linaweza kupoteza hadi asilimia 82 ya uwezo wake joto linapobadilika.

Dhana: "Lehemu itayeyuka."

Ya bati na risasi huyeyuka kwenye 183. Kinachoiua ni kupata moto na kupoa mara kwa mara: bodi na vipuri hutanuka tofauti, nyufa zikaanza kuzunguka miguu ya vipuri vizito.

Dhana: "Mezani ilifanya kazi."

Mkondo unaovuja kwenye silikoni huongezeka takriban maradufu kila nyuzi 10. Toka 25 hadi 125 ni kama mara 1,000. Saketi yenye rezista za megaohmu hapo husoma uongo. Ijaribu ndani ya kasha lake, mzigo ukiwa kamili, hadi kipimajoto kiache kupanda.