Operesheni ya kidole gumba si kukatwa kidole

Mtwara, ukisema kiungo cha kidole gumba cha mguu kinakusumbua na daktari ametaja operesheni, swali la kwanza utakalopata ni: "Wanakikata?" Hapana. Hofu hiyo imetoka kwa wagonjwa wa sukari, ambao kidonda kikioza hukatwa kidole ili kuokoa mguu. Hayo ni maradhi mengine kabisa.

Hapa gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, la kiungo kilichopo kwenye shina la kidole ndilo hulika taratibu, kwa umri au kwa jeraha la zamani. Mfupa huota kinundu kwa juu, kidole kikagoma kupinda. Mtazame mama aliyechuchumaa Mikindani akibangua korosho: uzito wote umelalia vidole vilivyopinda. Hapo ndipo panapouma. Wala si kila maumivu ya hapo ni gauti ya kula nyama. Gauti huja ghafla, mara nyingi usiku, kidole kikawa chekundu na cha moto, na hutibiwa kwa dawa.

Wengi hawafiki kwenye kisu. Kiatu chenye soli ngumu husaidia kuliko kandambili (najua, joto letu halikiruhusu), pamoja na dawa za maumivu. Ikishindikana, na kiungo bado kina uhai, daktari huchonga kile kinundu. Kiungo kikiwa kimekwisha, mifupa miwili huunganishwa kwa skrubu: hapo hapatapinda tena, lakini wengi hutembea bila maumivu. Mfupa huchukua kama wiki 6 hadi 12 kushikana, kwa hiyo usipange Oktoba, korosho zikiwa zinaanguka.