"Limeshahifadhiwa": kuhifadhi gazeti ni kufanya nini hasa?

Kila inapotangazwa kwamba kisiwa fulani cha Karibi kimeweka magazeti yake ya zamani mtandaoni, sentensi huwa ileile: "magazeti hayo sasa yamehifadhiwa." Kazi imekwisha, watu wapige makofi waende nyumbani. Anayeijua kazi hiyo hubaki akiuliza: kimehifadhiwa nini, karatasi, picha au maneno? Na mpaka lini?

Maana yenyewe, kwa ufupi. Kuhifadhi gazeti la kihistoria ni kuhakikisha kwamba toleo fulani la tarehe fulani linaendelea kuwepo, linapatikana hata na mtu asiyejua liko rafu gani, na linaaminika kuwa ndilo lenyewe. Humo mna kazi tatu: kuitunza karatasi, kutengeneza nakala na kuzitunza nakala hizo nazo, na kuorodhesha. Kuskani ni kipande cha kazi ya pili. Sasa turudi kwenye neno, maana mkorogo umeanzia hapo.

"Hifadhi" limetokana na mzizi wa Kiarabu h-f-dh, na ukoo wake katika Kiswahili ni mpana. Hafidhi ni aliyeiweka Kurani kifuani. Mhafidhina ni asiyependa mambo yabadilike. Mkimbizi huomba hifadhi. Mfanyakazi hukatwa mchango wa hifadhi ya jamii. Serengeti ni hifadhi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotajwa kwa tendo la siku moja. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mpaka leo askari wa wanyamapori wanaamka alfajiri kwenda doria. Hafidhi naye akiacha kudurusu, aya humponyoka. Ndiyo maana hurudia, tena husoma mbele ya mwenzake anayemsahihisha. Huyu hafidhi ndiye mfano bora kwa magazeti, kwa sababu anaonyesha mambo mawili kwa pamoja: maneno yanaweza kuhifadhiwa bila karatasi, na aliyehifadhi maneno bila karatasi anahitaji mtu wa kumsahihisha kila mara.

Kisha zikaja kompyuta na simu. Menyu zilipotafsiriwa, kitufe cha kuweka faili kikapewa jina "Hifadhi". Waliochagua hawakukosea, neno linafaa. Lakini kitufe hubonyezwa mara moja tu, na tangu hapo kitenzi kizima kimepunguzwa hadi ukubwa wa kitufe. Ukibonyeza, limehifadhiwa. Zaidi ya hapo, "hifadhi" hutumiwa pia kama jina la jengo zinamokaa nyaraka, kwa hiyo gazeti lililotupwa kwenye chumba chenye mchwa nalo huitwa gazeti lililo hifadhini. Kenya angalau wana neno "makavazi" la kulitofautisha jengo na tendo.

Mfano wa Barbados unaeleza tofauti hii vizuri. Gazeti la Barbados Mercury lilianzishwa Bridgetown, mji mkuu wa kisiwa, katika miaka ya 1760, na baadaye likaitwa The Barbados Mercury and Bridge-town Gazette. Matoleo ya 1783 hadi 1848 yaliskaniwa katika idara ya kumbukumbu ya kisiwa, iliyoko Black Rock, chini ya mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Ni kazi kubwa na nzuri. Ndani ya miaka hiyo kuna uasi wa watumwa ulioongozwa na Bussa, wa Aprili 1816, kuna kukomeshwa kwa utumwa, na kuna matangazo mengi ya watu waliotoroka utumwani, mengi yakiwa na jina, umri, alama za mwilini na mahali anapodhaniwa kujificha. Kwa watu wengi wa aina hiyo, tangazo la aliyedai kuwamiliki ndilo andiko pekee linalowataja.

Mwezi Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi kadhaa. Mwezi Juni 2024 moto ukateketeza mojawapo ya majengo ya idara ya kumbukumbu pale Black Rock. Katika muda wa miezi minane, upande wenye picha na upande wenye karatasi kila mmoja ulipata pigo lake. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini mhifadhi hakubali kuchagua kati ya vitu hivi viwili.

Tuanze na karatasi, kwa sababu watu huidharau na ndiyo yenye mambo ya kushangaza. Gazeti la 1783 mara nyingi liko katika hali nzuri kuliko la 1917. Karatasi ya karne ya 18 ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba; nyuzi zake ni ndefu na karibu hazina lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Kuanzia miaka ya 1870 magazeti yalihamia kwenye karatasi ya mbao zilizosagwa, ambayo ni rahisi lakini imejaa lignini, na wakati wa kuitengeneza ilitiwa shabu, aina ya chumvi, ili wino usisambae. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka rangi ya kahawia. Shabu na unyevu huzaa tindikali. Tindikali hukatakata nyuzi. Chukua kipande kilichokwisha kung'oka chenyewe, kikunje pembeni mbele na nyuma. Karatasi ya matambara itavumilia. Ya mbao iliyozeeka hukatika kama biskuti mkunjo wa kwanza au wa pili. Gleaner la Jamaica, lililoanza mwaka 1834 na bado linatoka, limepita zama zote mbili, kwa hiyo rafu moja inaweza kuwa na juzuu kongwe zilizo imara na juzuu changa zinazomwaga makombo.

Hali ya hewa ya Karibi ndiyo adui wa pili. Unyevu wa hewa huko mara nyingi huvuka asilimia 70, na kuvu huanza kustawi ukikaa juu ya 65. Kosa la kawaida ni kiyoyozi kinachozimwa ofisi ikifungwa jioni na kuwashwa asubuhi. Joto na unyevu vikipanda na kushuka kila siku, karatasi hutanuka na kusinyaa, na maji hujikusanya kwenye kuta za baridi. Chumba chenye nyuzijoto 24 zisizobadilika, feni na mashine ya kukausha hewa kina nafuu kuliko cha nyuzijoto 18 mchana na 29 usiku. Juzuu kubwa zilazwe, zisisimamishwe, wala zisirundikwe zaidi ya mbili au tatu. Rafu ya chini iwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, na isigusane na ukuta wa nje. Kuvu mbichi haipanguswi, maana kuipangusa ni kuipaka ukurasa mzima; kausha kwanza, kisha iondolewe kwa brashi laini na kifyonza vumbi chenye chujio. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, na juzuu zilizolowa ambazo haziwezi kukaushwa zote ndani ya saa 48 zinatakiwa ziwe kwenye friza. Na selotepu, tafadhali, hapana. Gundi yake hupenya karatasi, huacha doa la manjano lisilotoka, na utepe wenyewe hudondoka. Kiraka cha gazeti ni karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, inayoweza kuondolewa kwa maji.

Nakala. Kabla ya skana palikuwa na maikrofilamu, yaani utepe wa filamu wenye picha ndogo mno za kurasa, na wengi hudhani imepitwa na wakati. Filamu ya poliesta iliyosafishwa vizuri na kutunzwa mahali pakavu na baridi inakadiriwa kudumu miaka 500, na kuisoma kunahitaji lenzi na taa tu. Sharti ni kuwa na vizazi vitatu: filamu mama isiyoguswa, ya pili ya kutolea nakala, na ya tatu ya wasomaji, ambayo itachubuka. Panapoharibika ni pale filamu mama inapopelekwa chumba cha wasomaji kwa sababu ile ya tatu "imepotea kidogo". Filamu za zamani za asetati, plastiki iliyotumika kabla ya poliesta, zina ugonjwa wao: ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, filamu imeanza kuoza, itasinyaa na kujikunja, na mvuke wake huambukiza makopo ya jirani.

Kuskani kunaanza na jalada. Juzuu zilizoshonwa kwa kubana humeza safu ya ndani ya kila ukurasa. Usipotumia kitako cha kuishikilia juzuu au kufumua mshono, picha itakuwa safi na sentensi zitakuwa nusu. Ukurasa wa sentimita 40 kwa 58, kwa doti 400 kila inchi na kwa rangi, hutoa faili la TIFF, yaani la picha isiyobanwa, la karibu megabaiti 173. Gazeti la kurasa nne linalotoka mara mbili kwa wiki lina kurasa 416 kwa mwaka: karibu gigabaiti 72. Zidisha kwa nakala tatu, moja ikiwa nje ya kisiwa. Kila faili hupewa cheksamu, namba inayobadilika hata biti moja ikiharibika, na namba hizo hukaguliwa kwa ratiba. Hapo ndipo yule anayemsikiliza hafidhi anaporudi. Faili ambalo halikaguliwi limewekwa tu.

Halafu kuna maneno. Kompyuta husoma picha na kuzalisha maandishi ya kutafutia, na watu huamini kwamba kilichokosekana kwenye utafutaji hakimo gazetini. Hadi karibu mwaka 1800 wachapaji wa Kiingereza walitumia s ndefu, inayofanana na f. Mashine isiyofunzwa husoma "slave" kama "flave" na "sale" kama "fale". Mtafiti akiandika neno la mtumwa kwa tahajia ya leo kwenye gazeti la 1785 anaweza kukosa ukurasa uliojaa watumwa wanaouzwa.

Hapa panahitajika kutenganisha maneno mengine mawili yanayochanganywa: katalogi na faharasa. Katalogi hukuambia taasisi ina gazeti gani na matoleo yapi. Faharasa, neno lililotufikia kwa Kiarabu kutoka Kiajemi, hukuambia jambo gani limetajwa ukurasa gani. Utafutaji wa maandishi si kimojawapo. Ni ubashiri wa mashine. Katalogi ya gazeti ina ugumu wake, kwa sababu gazeti hubadili jina bila kuaga. Jina likibadilika kwa uzito, hufunguliwa ingizo jipya linalotaja la kabla na la baada. Jina hunakiliwa kama lilivyo kichwani mwa toleo la kwanza lililopo, wala si kama linavyokumbukwa mjini. Tarehe hutangulia namba ya toleo, kwa kuwa wachapaji walikosea namba mara kwa mara na wengine waliendelea na kosa hilo miezi. Kisha inakuja sehemu inayokwepwa na wengi kwa uchovu, ya kuandika kisichokuwepo: "Januari 1 hadi Machi 30 yapo, Aprili 2 halipo, Aprili 6, ukurasa wa 3 umechanika nusu." Mstari huo humwokoa mtafiti safari ya ndege.

Na "Gazette" kwenye jina lisikudanganye. Lenyewe linatokana na gazeta, sarafu ndogo ya Venisi iliyokuwa bei ya karatasi ya habari. Karibi jina hilo limevaliwa na magazeti ya wachapaji binafsi, kama The Barbados Gazette ya Samuel Keimer ya mwaka 1731, na pia na matoleo rasmi ya serikali za kikoloni yenye sheria na uteuzi. Sisi tuna mtego uleule: "gazeti" la kioski na "Gazeti la Serikali", na Gazette for Zanzibar and East Africa, iliyoanza mwaka 1892, ilichanganya mambo rasmi na habari za mji. Anayeorodhesha hulifungua na kulisoma kabla ya kuamua liende kundi gani.

Kwa hiyo, kwa anayeandika habari ya mradi kama huu: kama kurasa zimepigwa picha, andika zimeskaniwa. Kama katalogi imekamilika, andika yameorodheshwa. Na kama kweli kuna watu, bajeti, chumba kikavu na ratiba ya kukagua faili, basi badilisha silabi moja tu na uandike magazeti hayo yanahifadhiwa.