Mtoto Anayepiga Mayowe Usingizini Hajarogwa

Katika vijiji vingi vya Mbeya na Iringa, mtoto anayeketi ghafla kitandani usiku, macho yakiwa wazi, akapiga mayowe bila kumtambua hata mama yake, husemwa kuwa amerogwa. Ukweli ni kwamba ubongo wake umeamka nusu tu kutoka katika usingizi mzito, kwa kawaida ndani ya saa tatu za kwanza baada ya kulala, ndiyo maana asubuhi hakumbuki lolote, tofauti na ndoto mbaya, ambayo huja zaidi kuelekea alfajiri na mara nyingi hukumbukwa. Homa na uchovu huichochea hali hiyo ya kuamka nusu. Watoto wengi huachana nayo wanapokua, na naamini hapo ndipo waganga wanapopata sifa wasiyostahili.

Mtoto asitikiswe wala kumwagiwa maji. Mzazi akae karibu mpaka atulie, na jiko la mkaa, ambalo kwa baridi ya Makete, wilaya ya mkoa jirani wa Njombe, huingizwa chumbani ingawa moshi wake una sumu, liwe nje. Mwili ukikakamaa na kutetemeka, apelekwe hospitali, kwani huenda ni kifafa. Mtu mzima mwenye mayowe hayo mara nyingi hulemewa na wasiwasi mkubwa, nao unatibika kwa mazungumzo na mtaalamu na, inapobidi, kwa dawa.